Kitoweo cha Mpima Kamba

Kwa miaka kumi na mmoja Purificacion Abordo alipima kamba wa baharini katika diko la Pulang Daga, pale ngalawa za wavuvi zinaposhusha samaki, na kwa miaka kumi ya mwanzo hakuwahi kununua kitoweo. Huo wa kumi na mmoja ndio uliomzeesha.

Kazi yenyewe inachosha kuliko inavyoonekana, na inaonekana ya kuchosha sana. Kila siku ya tatu, kukipambazuka, Puring, kama wote walivyomwita, aliteremka ufukweni na ubao wake, kipimo cha chuma na fomu zilizofungwa kwa mpira. Ngalawa za injini zilipoingia kutoka kwenye ghuba ya San Miguel, alichagua mbili au tatu, akauliza nyavu zilikokotwa kwa saa ngapi, kisha akachota bakuli moja kutoka kwenye tenga bila kuchagua. Halafu akapima gamba la kichwa la kila kamba, mmoja mmoja: dume au jike, ana mayai au hana. Fomu zilikwenda mjini kwa Doktora Leonisa Rebustillo, mtaalamu wa samaki, aliyeziunganisha na za madiko mengine akajua ghuba inaendeleaje.

Mumewe, Anselmo, alikufa kwa figo mwaka mmoja kabla ya kazi hiyo. Binti yake yuko kiwandani Taiwan, hupiga simu Jumapili akiwa na usingizi. Kwa hiyo diko ndilo lililokuwa nyumba yake, na wavuvi ndio watu wake. Walimwita Manay Puring, yaani dada mkubwa, hata wale waliomzidi umri. Wa kwanza kati yao alikuwa Teofilo, au Pilo, mdogo wake marehemu Anselmo, mwenye ngalawa ya kijani na mdomo usiotulia.

"Manay, pima na huyu!" alikuwa akimwambia, akimsukumia baharia wake mfupi. "Huyu naye hajafika urefu wa kuvuliwa!"

"Huyo mrudishe baharini, Pilo. Bado mchanga."

Sasa, kwetu mtu aliyesimama dikoni ngalawa ikiingia haondoki mikono mitupu. Kabla tenga halijaguswa na yeyote, mwenye ngalawa hutia mkono juu ya tenga, akachukua walio bora, akakupa kitoweo. Nawe unafungua mfuko, kinaingia, na papo hapo unazungumzia jambo jingine, injini au upepo au goti la mtu. Hutazami, huhesabu, hupimi. Anayehesabu alichopewa amemwambia mtoaji kwamba anamdhania bahili. Kuna bwana mmoja wa bara aliyeoa kwetu, akapewa samaki, akamwinua-inua mkononi akasema, "Huyu kama kilo hivi." Hadi leo anaitwa Kilo, na wajukuu zake ni wa kwa Kilo.

Basi Puring alifanya kama sote tulivyolelewa. Alifungua mfuko, kitoweo kikaingia, akauliza hali ya goti la mtu, kisha akageukia tenga na kuanza kazi. Jioni alipika kwa tui zito na pilipili hadi pua ikamtiririka, na hakuna siku alipokula akajiona yatima.

Mwaka wa kumi ulipoisha, takwimu zilisema kamba wakubwa, wale majike wa kutaga, wamekaribia kwisha. Halmashauri ikapiga marufuku nyavu za kukokota kwa miezi miwili, msimu wa mayai. Hapo ndipo watu walipojiuliza hizo namba zilitoka wapi. Kwa miaka kumi walimwona Puring anaandika, wakadhani ni mambo ya serikali yasiyo na madhara, kama kuhesabu wapiga kura.

Kwenye mkutano Teofilo alisimama. "Manay, ni wewe?"

"Mimi napima tu, Pilo."

"Ulikuwa unapima huku unakula kitoweo chetu?"

Puring alitazama vidole vyake, na wote waliokuwa ukumbini wakavitazama pia.

Bahari ilipofunguliwa tena hawakumzuia kupima, kwa kuwa sheria ni sheria. Walimsogezea tenga kwa mguu. Akiuliza saa ngapi, walitaja saa, basi. Yale maneno ya goti na injini yaliisha, na jina la Manay likaisha nalo. Wakamwita Penseli, tena si mbele yake, bali pembeni, kwa sauti ya kutosha kumfikia. Kitoweo hakuna. Siku tatu za mwanzo alikwenda na mfuko wake, ukarudi umekunjwa kama ulivyokwenda. Ya nne aliuacha nyumbani, kwa sababu aibu ya kubeba mfuko usiofunguliwa ilimshinda.

Alianza kununua samaki sokoni mjini, yeye anayeishi hatua mia moja kutoka majini, akiwaficha chini ya kabichi ili abiria wenzake wasiwaone. Jioni alipika akala amesimama, maana kukaa mezani kulimkumbusha kwamba hakuna aliyebisha hodi tangu asubuhi. Mtu mwingine angejikaza akasema yatapita. Puring alisema hivyo kwa miezi sita, na hayakupita. Alikuwa mpweke, na upweke wa kijijini ni mbaya kuliko wa mjini, kwa sababu unawajua kwa majina wote wasiokusemesha.

Mwezi wa saba Doktora Leonisa alikuja mwenyewe, na furaha iliyomtangulia mlangoni.

"Manay Puring! Umeona mambo yako? Kamba wakubwa wameongezeka mara mbili hapa! Miezi miwili tu ya kufunga!"

"Mara mbili?"

"Mara mbili! Madiko mengine bado, lakini hapa kwenu ni mfano kabisa. Nataka nipeleke pendekezo, mwakani tufunge miezi minne. Miwili imeleta hivi, je minne?"

Puring alifurahi, tena sana. Alitoka kumchemshia mgeni kahawa, na pale jikoni, mkono ukiwa kwenye mpini wa sufuria, furaha ilimtoka. Alikumbuka tenga la Teofilo la asubuhi ile. Juu kabisa kulikuwa na kamba watano, sita, wakubwa, wenye migongo ya mistari, ambao aliwapima kwa fahari. Aliwatambua. Ni walewale. Kwa miaka kumi walikuwa wanatolewa tengani kabla hajachota bakuli lake, wanaingia mfukoni, na hakuna rula iliyowagusa. Hawakuongezeka. Ni yeye aliyeacha kupewa.

Hakusema siku ile. Hakusema wiki ile. Tumlaumu, lakini tumlaumu tukijua alichobeba. Akinyamaza, watu wake watafungiwa miezi minne kwa namba za uongo, wabaki kula mihogo, na hao ndio walewale waliomlisha. Akisema, kazi ya miaka kumi itakuwa kichekesho, na wapo waliokuwa wakingoja kisingizio kama hicho waifute hata ile miezi miwili. Na kamba walikuwa wamepungua kweli. Hilo hakuhitaji fomu, alizaliwa pale, macho anayo. Juu ya yote kulikuwa na neno lenyewe la kumwambia Doktora: nilikuwa napewa. Kwa mtu wa mjini neno hilo lina jina moja tu, na jina hilo ni rushwa.

Siku ya tisa alipanda basi kwenda mjini. Alilisema akiwa bado amesimama, kabla hajaonyeshwa kiti.

Doktora akauliza, "Kwa nini hukuwapima, Manay?"

"Kilikuwa kitoweo."

"Lakini si ni kamba?"

"Kilikuwa kitoweo, Doktora."

Mwanamke yule alijifunika uso kwa viganja. Puring alingoja kufukuzwa. Badala yake Doktora alivuta daftari. "Haya. Ili nirekebishe lazima nijue walikuwa wangapi. Kila ngalawa, kila msimu. Unakumbuka?"

"Kwetu hatuhesabu."

"Najua. Unakumbuka?"

Alikumbuka. Hakuwahi kuwahesabu mkononi, lakini aliwapika, na sufuria inajua. Siku mbili alikaa pale akiwataja. Teofilo watano, sita kabla mkewe hajaanza kuugua. Ngalawa ya akina Bonifacio wanne, na kumi siku ya sikukuu ya mtakatifu. Mzee Crispulo, ambaye nyavu zake zilikuwa viraka vitupu na ambaye sasa yuko makaburini, alitoa wawili, daima wawili, wakubwa kuliko wa wote. Alipofika kwa Mzee Crispulo alilia, Doktora akaweka kalamu chini akamngoja. Alijiona mwizi anayehesabu vyake mwenyewe. Na zaidi ya hapo, hakuwa amewahi kuona kwa pamoja jinsi alivyopendwa, mpaka pendo hilo lilipopangwa kwa safu kwenye karatasi, nalo limeshakwisha.

Hesabu mpya ilisema hivi: kamba wamepungua, ila si kwa kiasi kilichotangazwa. Miezi miwili inatosha. Minne haina sababu.

Doktora alitaka kulieleza kitaalamu kwenye mkutano, kwa upole, bila jina la mtu. Puring alikataa. Alisimama mwenyewe mbele ya kijiji kizima.

"Kitoweo mlichonipa sikukipima," alisema. "Ndiyo maana namba zilikuwa mbaya kupita kiasi. Kosa ni langu. Miezi minne haipo, ni miwili tu."

Mmoja wa akina Bonifacio akapaza sauti kutoka nyuma. "Ina maana tulifungiwa kwa ukarimu wetu wenyewe?"

"Mwenzangu, ungekuwa bahili tungekuwa tumevua mwaka mzima!" mwingine akadakia.

Watu walicheka, kicheko kile kinachotikisa mabenchi, na kwa dakika moja Puring alidhani amerudi nyumbani. Akacheka nao. Kisha mkutano ukafungwa, kila mtu akatoka na wa kwake, wakiendeleza mzaha ule njia nzima, na yeye akabaki kumsaidia Doktora kukunja waya wa kipaza sauti.

Fomu mpya zilikuja na safu moja ya ziada: idadi ya kamba waliotolewa kabla ya kupimwa, na urefu wao. Kila siku ya tatu alijaza. Sufuri. Sufuri. Sufuri. Wiki kumi na moja za sufuri, zilizoandikwa vizuri, maana mwandiko wake ni mzuri.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano, mvua ikiwa imetoka kukatika, ngalawa ya kijani iliingia. Teofilo aliruka majini, akaja na tenga, lakini safari hii hakulisukuma kwa mguu. Alilitua. Akatia mkono juu, akachukua, akamnyooshea bila kumtazama.

"Manay," alisema. "Mke wangu anasema umekonda. Mimi naona uko vilevile, sura haijawahi kuwa nzuri."

Puring hakuwa na mfuko. Alikinga sketi yake. Kamba walidondoka humo, wazito, wa baridi. Alijua la kufanya: aulize kuhusu mke, kuhusu injini. Mdomo ulikuwa umeshafunguka. Lakini fomu ilikuwa juu ya ubao, na safu ile ilikuwa wazi, na kitoweo cha miaka kumi kilishapita bila kuandikwa.

"Pilo, nisubiri kidogo tu," alisema, akachukua kipimo.

Teofilo aliona chuma mkononi mwake. "Hata hao?"

"Hata hao. Ni lazima siku hizi. Usichukie."

"Hao nimekupa wewe, Manay. Sikuwapa hao wa mjini."

"Najua, Pilo. Ni dakika moja tu."

Alipima haraka kuliko alivyowahi kupima, vidole vikiteleza, majike watatu wenye mayai na dume mmoja. Alipoinua kichwa, tenga lilikuwa limeshabebwa, na Teofilo alikuwa mbali juu ufukweni akizungumza na watu wengine, amempa Puring mgongo. Baharia mfupi ndiye aliyebaki. Alimtazama kwa huruma, naye akaondoka.

Aliandika: wanne.

Fomu ilipofika mjini, Doktora Leonisa alipiga simu hata kabla ya chakula cha mchana.

"Manay! Nimeona ile safu! Wanne! Nimewaonyesha wenzangu wote hapa. Wamekusamehe, sivyo? Sema ukweli, wamekusamehe?"

Puring alikuwa amekaa kizingitini. Chini kule dikoni akina Bonifacio walikuwa wakigawa kitoweo, na mifuko ilikuwa ikifunguliwa.

"Waandike hao wanne, Doktora," alisema. "Namba ni ya kweli. Lakini mwezi ujao usinipigie kuuliza, weka tu sufuri."