Mafuta ya Dubu kwa Bwana Pruett

Veronik Mistasin alikuwa na miaka minane alipoapa kumkomesha Bwana Pruett, na hakumwambia mtu.

Kabla ya hapo hakuwa na kinyongo na yeyote. Alilala kati ya bibi yake na dada yake Adel, chini ya blanketi la ngozi za sungura, ameushika msuko wa Adel ili asiachwe kukipambazuka. Adel ndiye aliyekwenda kukagua mitego, na hakupenda kufuatwa.

"We Kicheche, utatembea kimya au nikurudishe kwa bibi?"

Alitembea kimya. Wakirudi, mama alikuwa ameshachemsha samaki, na baba aliwauliza habari za theluji kama anavyoulizwa mtu mzima.

Kisha, mwishoni mwa kiangazi, Pruett, afisa wa serikali, akaja kuchukua watoto kuwapeleka shule ya bweni ya mbali. Akamtaka Adel. Akadai ana chawa, akamkata nywele palepale ufukweni na kuzitupa ziwani. Mama aliingia majini na nguo zake mwilini kuokota nywele hizo. Barafu ilipoyeyuka, padri alileta habari: Adel amekufa kwa kifua, wamemzika hukohuko.

Mama alilia hadi sauti ikakauka. Veronik hakulia. Alikaa na lake rohoni.

Kiangazi hicho mtumbwi wa Pruett ukaonekana tena, mtumbwi wa mbao nyembamba zilizowambwa turubai. Uliburutwa nchi kavu, ukafunikwa kifudifudi. Pruett akaenda moja kwa moja hemani kwa bibi, kunywa chai na kuandika majina ya watoto. Veronik akachukua kopo la mafuta ya dubu, akashuka ufukweni, akaanza kuupaka.

"Upande huu umeusahau."

Akageuka. Absalomu, mtu wa kabila lao la Wakrii aliyeajiriwa kumpigia Pruett kasia, alikuwa ameketi jiweni na kiko chake. Alipokwisha kusema akageukia ziwa, akavuta moshi.

Veronik akaupaka na upande huo. Kisha akawafungulia mbwa wa kukokota sleji thelujini. Kiangazi hawana kazi, hutupiwa utumbo wa samaki tu, na wote saba waliurukia ule mtumbwi kama mzoga. Pruett alipotoka mbio, kikombe mkononi, turubai lilikuwa matambara.

"Washenzi! Nani kawafungulia?"

Absalomu akatafsiri. Bibi akatikisa kichwa kwa huruma.

"Mwambie atusamehe. Mbwa wetu hawajasoma."

Kesho yake asubuhi kila familia yenye mtoto ilifunga mizigo kwenda juu mtoni, kwenye kambi za majira ya baridi. Pruett akamshika baba mkono, akimwomba amvushe.

"Mtumbwi wangu umejaa watoto," baba alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu habari za padri.

Pruett alikaa pale siku kumi na moja, na mbu na samaki wasio na chumvi, hadi mashua ikapita. Veronik alikuwa amemtazama akibaki ufukweni familia zilipoondoka, akaona tamu.

Alikaa nyumbani majira mawili zaidi ya baridi. Kisha watu wa serikali wakamkamata akiwa na miaka kumi, akakaa shuleni miaka sita. Alirudi, akaolewa, akazaa. Akiwa na wajukuu, alisikia kwamba Pruett amekufa mjini, kitandani, usingizini.

"Usingizini!" akasema, akatema mate. Kisha akakaanga mkate na samaki mnono, akala mpaka akashiba.