Udongo Mtamu wa Mgodini

Nakumbuka Jumapili moja ya ukungu, nikiwa kijana kule Wales, nilipopanda mlima na mfuko mtupu nikarudi umejaa. Mwanangu, nakuandikia haya kwa sababu jana, nilipokuja kwenu, katika mji wa Crystal, nilimkuta mkeo mjamzito akimumunya udongo uliomchotea nyuma ya kile kiwanda kilichofungwa, kando ya reli. Nilipokuuliza ukacheka: "Mzee, wacha stress! Ni udongo tu. Ule wa nyumbani umeisha."

Mimi sikucheka.

Kule Wales nilikuwa nafua mashuka katika hospitali ya mji mdogo, na mama yako alikuwa na mimba. Kama wajawazito wengi wa kwetu, alitamani udongo hata usingizi ukampotea. Nikaenda kuutafuta.

Mlimani palikuwa na mgodi wa madini ya risasi, ulioachwa zamani sana. Dohani la mawe lilikuwa limesimama peke yake karibu na kuta zisizo na paa. Mdomo wa handaki ulitoa hewa baridi, kama kuna mtu amelala humo anapumua. Chini yake palikuwa na vilima vya kifusi cha kijivu, bila jani hata moja. Kondoo walijaa mlima mzima, lakini pale hapakuwa na alama ya kwato. Sikusikia ndege. Niliruka ua wa waya, nikafukua: hakuna mdudu, hakuna mzizi. Udongo ulikuwa laini kama unga. Nikajiambia, huu ni safi.

Mama yako aliuonja, akafumba macho. "Una utamu," akasema. "Niletee mwingine."

Nikarudi, tena na tena, hadi mchunga kondoo mmoja mzee aliponikuta nimeinama. Nilimdanganya kwamba udongo ni wa maua.

"Maua? Hapa hapaoti kitu, kijana. Waya ule si wa kuzuia kondoo wasitoke. Ni wasiingie. Anayekula hapa hutetemeka, kisha huanguka." Akaitazama mikono yangu. "Kanawe. Na kama kuna mtu ameutia mdomoni, mwambie daktari leo hii."

Nilimwaga uliobaki, nikamwambia mama yako umekwisha. Kwa daktari sikwenda. Niliona aibu; niliogopa wafuaji wenzangu wasikie kwamba watu wetu hula udongo. Kliniki mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wake. Nesi alipouliza mama anakula nini, nilijibu: chai, mkate, viazi.

Dada yako alizaliwa kabla ya wakati wake, na hakulia. Ndiyo, ulikuwa na dada. Kama ni ule udongo, sijui hadi leo. Mama yako aliingia kaburini sijamwambia.

Jana, nilipotoka kwenu, nilipita nyuma ya kile kiwanda. Magugu yamejaa hadi relini, mwanangu, ila pale ulipochota pako wazi.

Mpeleke mkeo kliniki leo, apimwe damu. Nesi akiuliza anakula nini, sema udongo, na useme ulikoutoa. Wakicheka, waache wacheke. Na usimlishe mtu kitu cha ardhi ambayo hujawauliza wenyeji wake habari zake.

Mungu amfikishe salama siku ya kujifungua. Na siku hiyo mtoto alie, alie kwa nguvu, nami niliyeketi nje ya mlango nimsikie.