Kitufe cha Tumemaliza

Jumatano mchana Katibu alikuwa akivaa nusu. Juu alitia blauzi nyeupe iliyopigwa pasi mpaka kola ikasimama, hereni, na poda kidogo ya kupoza umri. Chini alibaki na sketi iliyofubaa na ndala. Kamera ya kompyuta haishuki chini ya kifua, na yeye hakuwa mtu wa kupoteza pasi mahali pasipoonekana. Alisogeza meza ya sebuleni karibu na dirisha, akapandisha kompyuta juu ya boksi la viatu ili asionekane pua tu, akaketi akingoja.

Mtaa mzima ulimwita Katibu, hata watoto waliozaliwa baada ya yeye kustaafu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa katibu wa meneja katika kiwanda cha mabati. Mameneja walikuja na kuondoka, wengine kwa heshima, wengine kwa kusukumwa, naye akabaki pale pale mlangoni. Hakuna aliyemfikia mkubwa bila kupita kwanza mbele ya meza yake. Kila walipofanya usaili wa kuajiri, yeye alikaa pembeni akiandika kumbukumbu, na kwa macho yake aliona watu wenye vyeti vizito wakitetemeka kama kuku walionyeshewa, na watu wenye maneno matupu wakipeta. Siku alipostaafu walimpa saa ya ukutani na keki, wakapiga picha, wakacheka. Kesho yake hakuna aliyemwita.

Hilo ndilo lililomuuma, na wala hakulificha. Aliikosa ile "Katibu, hebu njoo!" iliyokuwa ikimkera kutwa nzima. Aliukosa hata mlango uliokuwa ukilia kila ukifunguliwa. Mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mwanawe wa pekee aliishi nchi ya mbali na mke na watoto, akituma picha nzuri na salamu fupi. Ndiye aliyemletea kompyuta na kumsajili katika ule mpango wa mtandaoni. "Utapata cha kukushughulisha, mama," alisema, utadhani anamtafutia mtoto mdoli ili asilie.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, tusiukosee adabu. Wanafunzi wa vyuo vikuu waliokuwa wakikaribia kumaliza walipata humo masomo ya bure ya kompyuta, ya kuandika wasifu, ya kuzungumza mbele ya watu, na matangazo ya mafunzo kazini ambayo mtu aliyafanya akiwa chumbani kwake. Kila mmoja alipewa mlezi, yaani mtu aliyekwisha kula chumvi ya kazini, wakutane kwenye skrini mara moja kwa wiki. Ila kulikuwa na sheria. Mazungumzo yote ni humo humo, kupeana namba za simu marufuku. Mwanafunzi akifikia lengo, mlezi anabonyeza kitufe kilichoandikwa Tumemaliza, na mwanafunzi anapata uthibitisho. Hapo ndipo mtambo unamuuliza mwanafunzi kama angependa yeye na mlezi wake wapeane namba. Mlezi haulizwi kitu.

Kabla ya huyu wa Jumatano, Katibu alikuwa amelea wawili. Wa kwanza, kijana wa sheria, alitoa namba yake vizuri tu, lakini kila alipopiga alitaka kitu: mara amtafutie mtu wa kumdhamini, mara amsomee barua. Alipokosa la kuomba, simu ikanyamaza. Wa pili alisema asante nyingi akayeyuka kama sabuni. Katibu hakuwalaani. Lakini alijua anachokitamani, na alikitamani kama mwenye kiu: kwamba siku moja atafutwe na mtu ambaye hana shida naye.

Ndipo akapewa binti wa takwimu, na kwa siku ya kwanza tu akambatiza Cherehani. Binti alizungumza bila nukta wala mkato, sentensi ikiushika mkia wa mwenzake, mpaka msikilizaji ndiye aliyeishiwa pumzi. Alikuwa ameketi kwenye ngazi za bweni, kwa kuwa ndipo mtandao uliposhika, na nyuma yake wenzake wakipita na ndoo na mabeseni.

"Shikamoo Mama nimesomea takwimu niko mwaka wa mwisho nimeomba nafasi nyingi sana za mtandaoni naitwa kwenye usaili lakini wakishanisikia basi hawanirudii tena sijui nina mkosi gani."

"Marahaba. Mkosi huna," alisema Katibu. "Una mbio. Hao wanaokusikiliza hawajafika hata neno la tatu, wewe uko sokoni unarudi."

"Lakini Mama, si wanasema chema chajiuza?"

"Hicho ni chema cha zamani. Cha mtandaoni nacho hujitembeza, mwanangu, ila kisikimbie."

Walijaribu kila dawa. Kuhesabu moyoni, kunywa maji, kuandika nukta kwenye kiganja. Cherehani alikwenda vizuri sentensi moja, ya pili akaivuka taa nyekundu. Mwishowe Katibu akamwambia: kuanzia leo, ukiingia kwenye skrini, piga hodi.

"Hodi? Kwenye kompyuta?"

"Hodi. Mtu anayepiga hodi husimama. Hawezi kuingia kabla hajakaribishwa, na pale anaposubiri ndipo anapovuta pumzi. Na kila swali ukiulizwa, piga hodi nyingine moyoni, usubiri karibu yako, ndipo ujibu."

Binti alicheka mpaka akakaribia kuangusha simu ngazini. Lakini Jumatano iliyofuata aliingia akasema "Hodi," akasubiri. Katibu naye alikawia kujibu. Alikawia makusudi, ndiyo, kwa ajili ya somo. Na alikawia pia kwa sababu sebule yake haikuwa imepigwa hodi na mtu kwa muda mrefu, akataka neno lile likae kidogo hewani. "Karibu, mwanangu," akasema, na sauti ikamtoka nzito kuliko alivyopanga.

Basi wakaenda hivyo. Jumatano ikawa siku ambayo wiki nzima iliizunguka. Jumanne Katibu aliosha blauzi. Alhamisi aliyarudia moyoni mazungumzo ya jana. Alijua ni mtihani upi uliompiga chenga Cherehani, na ni dada yupi wa chumba kimoja aliyekuwa na tabia ya kuazima mafuta bila kurudisha. Binti naye aliuliza goti lake limeamkaje. Hakuna sheria ya mpango iliyokataza goti.

Kisha ikaja nafasi ya kweli. Kampuni ya kusambaza vifaa vya hospitali ilitafuta mwanafunzi wa kuchambua takwimu zao kwa mtandao, na akifanya vizuri aajiriwe. Cherehani aliitwa kwenye usaili. Akaketi kwenye ngazi zake, skrini ikafunguka, nyuso za wakubwa zikatokea zimenuna kama kawaida ya nyuso za usaili, na yeye, kwa mazoea, akasema kwa sauti kamili: "Hodi!"

"Nilitamani ngazi zinimeze, Mama," alimsimulia Katibu baadaye. "Wamenyamaza wote. Halafu mzee mmoja pale katikati akasema, karibu mwanangu, karibu ndani. Wakacheka. Na mimi nikavuta pumzi. Nikajibu kila kitu, Mama. Kila kitu! Wamenichukua."

Katibu alipiga vigelegele peke yake sebuleni hadi jirani akachungulia dirishani. Furaha yake ilikuwa ya kweli. Mtu asije akasema vingine.

Ila furaha ilipotua, aliona kitufe. Kilikuwa pale kwenye kona ya skrini, cha kijani, kimetulia. Tumemaliza. Kampuni ilitaka uthibitisho wa kumaliza mpango kabla ya binti kuanza kazi. Katibu alipeleka mkono, akaurudisha. Akaenda kupika. Akarudi, akakitazama tena, akafunga kompyuta. Nikimaliza leo, aliwaza, Jumatano ijayo nitavaa blauzi kwa ajili ya nani?

Siku zikapita. Cherehani akaandika kwa upole kuuliza. Katibu akajibu kuwa mtandao wake unasumbua.

Uongo mwingine huadhibiwa kwa wema. Binti aliamini. Akamwandikia maelekezo marefu, hatua kwa hatua, namna ya kuzima kifaa cha mtandao, kusubiri, kuchomoa waya na kuuchomeka upya, akamalizia: "Usihangaike Mama, vitu hivi huwasumbua wazazi wote, tutafanikiwa tu." Na Katibu, kwa aibu, akayafuata maelekezo yote. Akapiga goti lake bovu chini ya meza, akachomoa waya mzima usio na kosa, akauchomeka. Taa zikawaka vilevile zilivyokuwa zikiwaka.

Jirani aliyechungulia siku ile, mama mmoja mshona mapazia, alimkuta amepiga magoti. Akaambiwa ukweli, maana Katibu hakuweza kumdanganya mtu wa pili. Mama wa mapazia hakuwa na maneno ya kupamba. Mapambo yote aliyamalizia kwenye vitambaa.

"Ina maana unamfuga?" aliuliza. "Kuku ndiye hufugwa, Katibu. Huyo ni mtoto wa watu."

"Nitabonyeza."

"Lini? Akishachukuliwa nafasi yake na mwingine?"

Swali hilo lilibaki nyumbani hata baada ya mwenyewe kuondoka. Asubuhi yake ujumbe ulikuwa unamsubiri: kampuni imempa Cherehani mpaka jioni ya siku hiyo, la sivyo watamwita aliyemfuatia. Chini yake binti alikuwa ameomba wakutane kwenye skrini mara moja, amsaidie kutafuta tatizo liko wapi.

Haikuwa Jumatano. Katibu aliingia na gauni la nyumbani, bila hereni. Cherehani alikuwa kwenye ngazi, macho yamevimba.

"Mama, tuanze na ile taa ya kwanza, inawaka rangi gani?"

"Acha taa, mwanangu. Mtandao wangu ni mzima. Nilikudanganya."

Binti alisogeza simu karibu na uso.

"Kitufe nakiona tangu siku ile. Sikutaka kukibonyeza. Nikibonyeza unaenda zako, na mimi nimeshakuzoea. Ni hilo tu. Sina sababu nyingine ya maana."

Nyuma ya binti mtu alipita na beseni la nguo akimsalimia, asijibiwe. Katibu alisubiri ile mvua ya maneno. Haikunyesha.

"Ningekosa kazi, Mama," alisema Cherehani, polepole, kila neno na nafasi yake. "Nyumbani nimeshawaambia. Ningewaambia nini?"

"Ungekosa, kwa kosa langu. Nisamehe."

Akabonyeza. Alidhani watapata muda wa kuagana, kwamba kitufe kina adabu ya kungoja watu wamalize. Midomo ya binti ilikuwa ndiyo kwanza inafunguka. Skrini ikawa nyeupe, na maneno yakatokea katikati: Hongera, umehitimisha ulezi. Katibu alibaki akiutazama weupe ule, asijue kama binti alikuwa anasamehe au anatukana.

Alikaa macho kodo siku ile na siku zilizofuata. Mtambo haukuleta namba. Uliandika tu kuwa mwanafunzi hajajibu, kisha ukamuuliza kama yuko tayari kupokea mwingine. Hakujibu. Aliifunika kompyuta kwa kitambaa cha meza, akaweka juu yake chombo cha maua, kama mtu anayezika. Jumatano moja alijikuta amepiga pasi ile blauzi, mkono umeenda wenyewe. Akaitundika, akaketi kitandani akalia. Alimlilia binti, na akajililia mwenyewe, mtu mzima aliyeshindwa kumwachilia mtoto wa watu aende akale jasho lake.

"Hatanitafuta," alimwambia mama wa mapazia.

"Asipokutafuta, yuko kazini," alijibu jirani, pini mdomoni. "Si ndiko ulikompeleka?"

Maneno hayo hayakumliwaza, lakini yalimkaa. Alianza kuamka akimwaza binti mbele ya kazi yake, akimwombea wakubwa wake wasiwe wakali. Hamu haikupungua. Alijifunza tu kuishi nayo ndani ya nyumba, kama mtu anavyoishi na mpangaji asiyehama.

Mchana mmoja alikuwa anaanua nguo uani simu ilipoita. Namba ngeni. Akajua ni wale wanaouza bima, akaipokea kwa sauti yake ya ofisini, ile iliyowahi kuwarudisha nyumbani wafanyabiashara wengi.

"Nani mwenzangu, na nikusaidie nini?"

"Mama Katibu shikamoo ni mimi nimewajibu jana wale wa mpango ndipo wakanipa namba yako hukuona ujumbe?"

Shuka likamponyoka likaanguka kwenye vumbi. Hakuliokota.

"Marahaba," alisema. "Marahaba, mwanangu. Kuna nini? Wamekuonea kazini? Unataka barua? Niambie, nitaiandika sasa hivi."

"Sitaki barua."

"Basi nini? Umeumwa? Una shida gani?"

"Sina shida, Mama." Akavuta pumzi. "Nilikasirika. Nilikasirika sana, sikutaka hata kukusikia. Na kazi wala haina tatizo, wananipenda. Leo nimetoka kwa mapumziko ya mchana, nikakukumbuka tu."

Katibu alikalia ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa na maneno mengi aliyoyatunza kwa siku hii, ya kuomba radhi na ya heshima, aliyoyapanga vizuri kama kumbukumbu za kikao.

"Umekula?" akauliza.

"Bado," alisema Cherehani. "Nimeona nikupigie kwanza."