Mifano ya Mwalimu

Mwalimu mstaafu huyu hakuwa na makuu, ila ubishi alijaliwa. Katika kitabu alichokuwa akiandika cha kufundishia Kiingereza, hakutaka mfano wa kubuni hata mmoja. "Uongo haukai kichwani mwa mtoto," alisema, na hapo mjadala ukafa. Mifano yote ikatoka nyumbani kwake.

Kila Jumamosi bintiye, karani wa masjala, alikuja kumpigia chapa, maana mwandiko wa mzee, jamani, hata mwenyewe ulimshinda kuusoma.

Siku hiyo walifika kwenye maneno ya kuonyesha kuwa jambo moja lilitangulia jingine. "Already" halikuwa na shida: wageni walipofika, paka alikuwa ameshakula nyama. Binti akacheka. Paka yule anamkumbuka vizuri.

Likafuata "earlier": mke wangu aliondoka saa nne, lakini sanduku lake nilikuwa nimeliona mapema.

Vidole vikasita. Miaka kumi na tisa tangu mama aondoke, na mzee hajawahi kusema kama alijua. Binti naye alikuwa na lake moyoni. Sanduku lile alilibeba yeye mpaka getini, akiwa na miaka kumi na mitatu, akamwahidi mama kunyamaza. Tangu hapo aliogopa jambo moja tu, kwamba baba akijua atamtoa moyoni.

Akasoma mstari wa "beforehand": binti yetu alikuwa ametangulia kulipeleka sanduku getini, ili mama yake asichoke.

Akausoma tena.

"Baba, na huu ni wa kweli?"

"Lini umeniona nikibuni?" Mzee alikuwa akimenya chungwa, wala hakuinua macho. "Nilikuwa dirishani. Nilitaka kutoka nikupokee, lile sanduku lilikuwa zito. Nikaona utaaibika."

"Miaka yote hii hukusema."

"Niseme nini? Ulikuwa mtoto, umetumwa na mama yako." Akamsogezea nusu ya chungwa. "Uliporudi ndani, ulikuta nini mezani?"

Binti akafikiri. Kikombe cha chai, sukari vijiko vitatu, na siku zote alikatazwa kupita kimoja.

"Chai," akasema, machozi yakimtoka.

"Basi. Huo ndio mfano wa mwisho. Nilikuwa nimeshaitengeneza kabla hujafika mlangoni. Uandike."

Akauandika.