Mama Jirani Alikataa Tuzike Mgomba

Juzi mjukuu wangu alinipeleka kwa ukumbi wa kanisa hapa Kitale kuona filamu ya maisha ya yule mtetezi wa haki za wafanyakazi wa mashamba. Ilipofika pale polisi wanamkamata, wakamtia ndani ya Landrova peke yake, nikasema kwa sauti, "Na mwenzake je?"

"Kukhu, nyamaza bana, watu wanaangalia," mjukuu akaninong'oneza. Kukhu ndiyo nyanya kwetu.

Nikageukia filamu. Lakini wewe nitakwambia. Siku hiyo walichukuliwa wawili. Wa pili alikuwa mume wa jirani yetu.

Tuliishi kwa laini za wafanyakazi, shamba la mzungu, njia ya kwenda mji wa Kwanza. Sikusoma, lakini majina ya laini nzima ninayo mpaka leo, nyumba kwa nyumba. Ni vile tu kwetu mkubwa hatajwi jina ovyo, ndiyo maana yule jirani tulimwita mama jirani. Asubuhi nyapara akigonga chuma, wakubwa wanaenda mahindi, sisi watoto tunabaki na nyanya tukipukuchua mpaka vidole vinachubuka. Jioni magunzi yanawaka, moshi unatutoa machozi, na mboga ya saga iliyolala kwa maziwa inanukia kila mlango.

Mtetezi aliachiliwa baadaye, watu wakambeba mabegani. Alisema walitenganishwa njiani, hajui mwenzake alipelekwa wapi. Mama jirani akaendelea kumpikia mumewe. Wanawake walimcheka kisimani: "Ati sima yote hiyo ni ya nani?"

"Ya mwenyewe. Akirudi na njaa, si wewe utampa yako?"

Kijana wake alipopata mtoto wa kwanza, wazee wa ukoo walikuja kutoka Bungoma. Kwetu mtu akipotea na mwili usionekane, huzikwa mgomba badala yake. Hapo ndipo anahesabiwa amekufa, na mtoto anaweza kupewa jina lake. Aliye hai harithiwi jina. Mgomba walikuja nao, umekatwa tayari.

Mama jirani alisimama mlangoni na mwiko. "Nendeni mkauzike kwenu, mvune ndizi. Mimi mume wangu hajafa."

Nyanya alijaribu kumbembeleza. "Jina ni kama mbegu, mwanangu. Ukiiweka sana inaliwa na fukusi." Hakusikia. Mtoto akaitwa jina lingine. Waliofuata, vilevile.

Zile laini zilibomolewa zamani. Ukipita leo ni mahindi mpaka barabarani, huwezi kujua watu walizaa hapo, walicheka, walilia. Hata kisima kilifukiwa.

Mama jirani alikufa mzee sana, kwao Bungoma. Nilienda matanga. Vijana wake walimzika, kisha wakachimba shimo la pili kando yake, wakauvika mgomba koti la baba yao, wakaushusha polepole. Nilisimama pale nikingoja mtu akatae. Hakuna aliyekataa. Watu wakaenda kula.

Jina la baba yao sasa linaruhusiwa. Basi kila nikisikia kitukuu amezaliwa kwa boma hilo, nauliza ameitwa nani. Wananitajia mchezaji fulani wa mpira, wa huko Ulaya. Mwanzo nilikuwa nawaeleza habari ya lile jina. Siku hizi nasema haya, ni jina zuri, na naomba nipewe mtoto nimshike kidogo.