Mhuni hali na wenye kaya

Leo nimechimba kaburi tangu asubuhi, halafu nikaambiwa nikale na watoto.

Nina miaka arobaini na moja.

Niko Kishapu, tumemzika baba yangu mkubwa. Nimetoka Geita jana. Kwa kuwa kazi yangu ni kuchimba dhahabu, sururu nikapewa mimi, na hapo hakuna aliyeuliza kama nimeoa.

Tumetoka makaburini, nimenawa, nikaenda kukaa kwenye sinia la wanaume.

Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu, akanishika bega.

"Mwanangu, hapa wanakula wenye kaya. Wewe bado mhuni."

Kwa wazee wa huku, mwanaume ambaye hajaoa ni mhuni tu, hata kama anasali kila Jumapili.

Nikamwambia, "Baba mdogo, kule Geita ukimwita mtu hivyo mnagombana."

Akanifundisha, vidole vimejaa mchuzi. Eti zamani kuhuni ilikuwa ni kuzurura, na asiye na mke hana pa kurudi, kwa hiyo ni mzururaji. Wenzake wakatikisa vichwa kukubali, huku wanatafuna.

Iliniuma, jamani. Na si kwa sababu ya neno.

Baba mkubwa amekufa bila kuoa. Miaka sabini na kitu, mhuni kama mimi.

Na yule ng'ombe waliyekuwa wanamtafuna ametolewa leo kwenye zizi la marehemu.

Nyama ya mhuni wanakula. Mhuni ndiye asiyekaa nao.

Nyie mngenyamaza?