Ua wa Makaburi ya Akina Pruitt

Mimi Orpha Tackett si mwepesi wa kusamehe, na sitaki kufundishwa.

Keziah, bibi yake mama yangu, amelala nje ya ua wa makaburi ya akina Pruitt, hapa kwetu milimani Kentucky. Wafu wote miguu yao inaelekea mashariki. Yeye walimlaza kukingama, kama mwizi. Kosa lake? Hakuna. Mumewe, Asa Pruitt, alimchoka tu. Keziah alimzalia mapacha, Asa akamfukuza na binti, mvulana akabaki. Miaka ikapita, Asa akamwoa Lavinia, na ukoo mzima ukaapa kwamba yule mvulana, Amos, katoka tumboni mwa Lavinia. Mama alikufa akiniomba, "Orpha, muingize bibi ndani."

Kila mwaka nilimwendea Burl, mjukuu wa Amos na mwenyekiti wa makaburi.

"Wee Orpha, kanuni ni kanuni," alisema. "Humu inalala damu ya Lavinia, na waliooana nayo. Huyo wenu mwacheni na magugu yake."

Mwenyewe jiwe lake lilishasimama ubavuni mwa Lavinia, jina limechongwa, tarehe ya kufa tu ndiyo inangojwa.

Jumapili ya Mei, siku ya kusafisha makaburi na kula palepale, nilifika mapema na koleo. Jiwe la Lavinia lilikuwa limezama nusu, na akina Pruitt kila mwaka walilirundikia maua bila kuchimbua chini. Nikachimbua. Nikasugua. Kazaliwa 1860. Jiwe la Amos hilo hapo jirani: 1868. Nilicheka peke yangu hadi mbavu zikauma.

Nilinyamaza mpaka kila mtu akajaza sahani kuku na mkate wa mahindi.

"Burl, njoo unisaidie hesabu. Lavinia alimzaa Amos akiwa na miaka mingapi?"

Burl akainama, akasoma. Dada yake, Dovie, ndiye aliyepiga kelele.

"Minane? Loo! Burl, kumbe sisi ni wa Keziah!"

"Basi ng'oa jiwe lako," nikamwambia Burl. "Damu ya Lavinia huna hata tone. Kanuni ni kanuni."

"Orpha, dada yangu, haya tuyazungumze pembeni."

"Dada? Tangu lini? Ng'oa jiwe, au ng'oa ua, Keziah awe ndani. Chagua."

Watu wote walikuwa wakimtazama. Akaenda kwenye gari lake, akarudi na mtaimbo, akaanza na nguzo ya kwanza, na shati lake la kanisani. Wanawe wakainuka wamsaidie.

"Kaeni!" nikafoka. "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

Dovie akawaongezea kuku. Wakakaa.

Mnadhani nilimhurumia? Thubutu! Nilikwenda nikaketi kando ya Keziah, sahani mapajani, nikawa namwonyesha Burl nguzo alizozisahau.